Barua za Wasomaji: Kazi ya kutetea haki za Waislamu inaanzia wapi?

Katika toleo lililopita tulichapisha makala kuhusu watetezi wa haki za Waislamu nchini Kenya, na barua zikamiminika. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha. Majina ya wasomaji tumeyaondoa, maana baadhi yao wana kesi zinazoendelea.

Nimemaliza kidato cha nne na natamani kazi kama ya watu wa MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki ya hapa Mombasa. Ni lazima niwe wakili? Karo ya chuo ndiyo inayonitia hofu. — Kijana wa Majengo, Mombasa

Si lazima. Katika ofisi nyingi za kutetea haki mawakili ndio wachache. Wengi ni watu wa nyanjani: wanaopokea malalamishi, wanaofuatilia faili kituoni na mahakamani, wanaokaa na wazee wa mtaa kuwaeleza Katiba inasema nini.

Ukiutaka uwakili wenyewe, tenga miaka sita hivi. Unahitaji alama ya wastani ya C+ katika KCSE, na B katika Kiswahili au Kiingereza. Shahada ya sheria ni miaka minne. Halafu unaingia Kenya School of Law, unafanya mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria, na unakaa miezi 6 ya mafunzo chini ya wakili mwenye uzoefu kabla ya kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Wengi hukwama kwenye ile mitihani, wala si chuoni.

Njia ya pili ni ya msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtambua. Anaweza kushauri, kujaza fomu, kusuluhisha, na kumfikisha mtu kwa wakili. Kumsimamia mtu mahakamani haruhusiwi. Ukianza huku, utajua mapema kama kazi yenyewe unaiweza, maana sehemu kubwa yake ni kungoja kwenye benchi za ofisi za serikali ukiwa na faili mapajani.

Ustadi wa kwanza wa kujifunza hauna karo: kuandika taarifa ya ukurasa mmoja. Nani, nini, wapi, saa ngapi, na mwelezaji alijuaje. Hilo la mwisho ndilo linaloangusha wengi. "Polisi walimpiga" si sawa na "nilisikia kelele nikiwa nje ya ukuta, akatoka anachechemea." Tenganisha alichokiona na alichoambiwa, hata mbele ya mama anayelia. Taarifa iliyochanganya hayo mawili huvunjwa na wakili wa upande wa pili kwa maswali matatu.

Mwezi uliopita kijana wa jirani alichukuliwa na watu wenye nguo za kiraia baada ya swala ya Isha. Vijana walikimbilia kipaza sauti cha msikiti, wengine wakasambaza kwenye simu. Siku ya tatu ndipo tukatafuta wakili, akatulaumu kwa kuchelewa. Tulitakiwa kufanya nini kwanza? — Mama wa Kisauni

Pole, mama. Wakili alisema kweli, ingawa lawama haimsaidii mtu.

Jambo la kwanza ni karatasi, kabla ya kipaza sauti. Waliokuwepo waandike usiku uleule, kila mmoja peke yake: saa, mahali hasa, gari la aina gani na rangi gani, namba ya usajili hata kama ni tarakimu mbili tu, watu wangapi, walivaa nini, walikuwa na silaha au redio, walitamka maneno gani. Wasikae pamoja kulinganisha. Taarifa mbili zinazotofautiana kidogo kuhusu rangi ya gari zina nguvu kuliko tano zinazofanana neno kwa neno. Kama kuna duka lenye kamera barabarani, mwenye duka aombwe usiku huohuo ahifadhi picha, kwa kuwa mitambo mingi hujifuta yenyewe baada ya siku chache.

Wakati hao wanaandika, watu wawili waende kituo cha polisi kilicho karibu, mmoja wao awe jamaa wa damu mwenye kitambulisho. Waulize kama kijana yupo. Akiwepo, waulize kosa na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Asipokuwepo, waripoti kwamba amechukuliwa na watu wasiojulikana, na wasiondoke bila namba ya OB ya ripoti hiyo. Huandikwa kwa mpangilio wa namba na tarehe, mfano 34/12/5/2025. Pigeni picha au nakilini. Mkiambiwa "ngojeni saa 24 kwanza," jueni hakuna sheria inayomtaka mtu asubiri ndipo aripoti aliyetoweka. Afisa akikataa kabisa kuandika, andikeni nyinyi: saa, kituo, jina au namba ya huduma ya afisa, na maneno aliyosema. Karatasi hiyo itakuwa kiambatisho kesho. Kisha nendeni kituo cha pili, na cha tatu, kwa utaratibu huohuo.

Sasa saa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24. Lakini saa hizo zikiishia nje ya muda wa mahakama au siku isiyo ya kazi, mwisho ni siku ya mahakama inayofuata. Mtu aliyekamatwa Ijumaa saa kumi alasiri anaweza kukaa mpaka Jumatatu, na hapo polisi hawajavunja kitu. Kosa hili la hesabu limewaaibisha viongozi wengi waliokwenda kupiga kelele Jumamosi jioni. Kwa tuhuma za ugaidi, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inaruhusu kuzuiliwa zaidi, kwa jumla isiyozidi siku 90, ila ni kwa amri ya hakimu. Hiyo haiondoi sharti la kumfikisha mahakamani kwanza.

Ikipita saa na hajulikani alipo, wakili apeleke Mahakama Kuu ombi la hebiasi kopasi, yaani mahakama iwaamuru wanaomshikilia wamlete mbele yake. Haki hii ni miongoni mwa chache ambazo Kifungu cha 25 kinakataza kuwekewa mpaka wowote. Mbona basi maombi mengi huanguka? Kwa sababu polisi huapa kwamba hawanaye, na familia haina cha kuonyesha kwamba waliomchukua ni maafisa. Mahakama haiwezi kumwamuru mtu atoe asichothibitishwa kuwa nacho. Pale ndipo redio, pingu, namba ya gari na taarifa za usiku wa kwanza zinapoamua kesi.

Pelekeni pia malalamishi kwa IPOA, ile mamlaka huru inayowachunguza polisi, na kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Zote mbili hazitozi kitu. Ripoti ya tume hiyo ya Septemba 2015 juu ya oparesheni za kupambana na ugaidi ilirekodi visa zaidi ya 120, vikiwemo 25 vya watu kuuawa nje ya sheria na 81 vya kutoweshwa. Tarakimu hizo zilitokana na familia zilizokubali kukaa na kuandikisha.

Onyo moja. Mara nyingi hujitokeza "mtu wa kati" anayesema lete kiasi fulani kijana atoke usiku huu. Mbali na kuwa ni rushwa, aliyetoka hivyo haonekani popote katika vitabu: hakukamatwa, hakuzuiliwa, hakupigwa. Akitoka kwa njia yoyote ile, aende hospitali siku hiyohiyo, majeraha yapigwe picha karibu na rula au sarafu ili ukubwa uonekane, na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha, ichukuliwe. P3 ni bure.

Na kipaza sauti? Kina kazi yake, ila ni ya tangazo fupi: fulani ametoweka, aliyeona aje ofisini. Kutaja jina la afisa au jirani kwamba ndiye "aliyemuuza" ni kujitafutia kesi ya kuchafua jina, na pengine ni kumwaga damu ya mtu asiye na hatia.

Mtu akiuawa kwa risasi, sisi humzika kabla ya Alasiri kama dini inavyohimiza. Watetezi wa haki wanatulaumu kwamba tunazika ushahidi. Tufanyeje? — Imamu, Kwale

Swali hili ni zito na lina jibu la kutendeka. Kuharakisha maziko hakugongani na uchunguzi wa maiti ikiwa uchunguzi wenyewe unaharakishwa. Kazi ya daktari mpasuaji, akiwepo, ni ya saa chache. Kinachokula muda ni kumtafuta daktari, kupata barua ya polisi na kungoja. Kwa hiyo kamati ya msikiti inayojiandaa huwa na namba za daktari wa hospitali ya kaunti na za shirika la haki tangu kabla ya msiba, na mara moja hutuma mtu mmoja kwa ajili ya hilo tu, huku wengine wakishughulika na kaburi na sanda.

Zingatieni mpangilio. Maiti isioshwe kwanza. Maji ya josho huondoa masizi ya baruti kwenye ngozi, na hayo masizi ndiyo yanayoeleza bunduki ilikuwa karibu au mbali. Mtu aliyepigwa akiwa amepiga magoti na aliyepigwa akirushiana risasi na polisi hutofautishwa hapo. Nguo zisifuliwe wala zisitiwe mfuko wa plastiki, ambao hunasa unyevu na kuozesha damu. Zikaushwe kivulini na kuwekwa kwenye mfuko wa karatasi, kila nguo na mfuko wake, na jina la aliyeziweka na saa. Familia iombe daktari wake awepo pamoja na wa serikali. Iombe picha za eksirei zichukuliwe kabla ya upasuaji ili risasi iliyobaki mwilini isipotee. Baada ya hapo, josho, sanda, swala na maziko, na mara nyingi bado mchana haujaisha.

Upande wa fiqhi, wanazuoni wengi wanaruhusu uchunguzi pale penye dharura ya kuthibitisha haki ya aliyeuawa. Muombeni kadhi wenu aliseme hilo wazi katika darsa la kawaida, siku isiyo na msiba. Kumweleza baba aliyefiwa saa nne ya asubuhi, na maiti imo ndani, ni kuchelewa.

Kama mmeshazika, hakimu anaweza kuamuru kaburi lifukuliwe kwa uchunguzi. Inawezekana, lakini inaumiza, na kilichooshwa hakirudi.

Mbona mnawatetea hata wanaotuhumiwa ugaidi? Hamuoni mnaupaka tope Uislamu wote? — Mwalimu wa madrasa, Malindi

Mwalimu, tunakujibu bila kuzunguka. Anayemtetea mtuhumiwa anatetea utaratibu: akamatwe kwa sheria, ashtakiwe, asikizwe, akipatikana na hatia afungwe. Mtetezi anayechagua watuhumiwa wa kupendeza tu hana kazi, maana serikali haianzi kukiuka haki kwa watu wa kupendeza.

Hatari hiyo unayoiona, watetezi wenyewe wamekumbana nayo. Al-Amin Kimathi wa Muslim Human Rights Forum alijulikana kwa kufuatilia watu waliosafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi kwenda Somalia na baadaye Ethiopia mwanzoni mwa 2007, bila kesi yoyote ya kuwarejesha. Mwaka huohuo Mkenya Mohammed Abdulmalik alikamatwa Mombasa, na mwezi uliofuata akawa Guantánamo, gereza la Marekani. Alirudishwa nyumbani Desemba 2024, bila kushtakiwa. Kimathi alipokwenda Kampala Septemba 2010 kufuatilia kesi ya Wakenya waliotuhumiwa kwa mabomu ya Julai 11 mwaka huo, alikamatwa pamoja na wakili Mbugua Mureithi. Wakili aliachiliwa siku chache baadaye. Kimathi alikaa gereza la Luzira mpaka Septemba 2011, mashtaka yalipofutwa.

Mashirika yamejifunza jambo hapo, na wanaoanza wanapaswa kulijua. Safari ya kesi nje ya nchi haifanywi bila barua ya shirika inayotaja unachokwenda kufanya, nakala kwa ubalozi, ratiba iliyoachwa kwa mtu wa ofisini, na saa maalumu za kupiga simu. Ukikosa mbili mfululizo, wakili anaanza kazi. Faili zisiwe kichwani mwa mtu mmoja. Na video za makundi yaliyopigwa marufuku, hata zikitumwa na mlalamishi kama "ushahidi," zisikae kwenye simu yako. Mpeleke kwa wakili yeye na simu yake.

Kisha kuna 2015. Baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili, lililoua watu 148, serikali ilitoa orodha ya watu na mashirika 86 yanayoshukiwa kuhusishwa na ugaidi, na ndani yake wakawemo MUHURI na Haki Africa, mashirika mawili ya Mombasa yaliyokuwa yakirekodi maovu ya polisi. Akaunti zikafungwa. Maafisa wa ushuru wakaja ofisini na kuondoka na vifaa vya kompyuta. Mwezi Juni Mahakama Kuu ya Mombasa ikaona hakuna kilichowaunganisha na ugaidi, na Novemba ikaamuru akaunti zifunguliwe. Miezi saba bila akaunti ina maana hakuna mshahara, hakuna kodi ya ofisi, hakuna nauli ya shahidi.

Kwa hiyo shirika la haki linajilinda kwa vitu visivyo na mvuto: hesabu zilizokaguliwa kila mwaka, mikataba ya wafadhili kwenye faili, watia saini wasiopungua wawili, nakala za data mahali pengine kabisa, na ushuru uliolipwa kwa wakati. Tangu Mei 2024 Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma imeanza kufanya kazi, hivyo usajili wa zamani pekee hautoshi. Kikundi kidogo cha mtaa kinaweza kuanza kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikiwa na wanachama kumi.

Na upande wa pili wa swali lako, mwalimu, una haki. Kiongozi asiyelaani mauaji ya raia hana uso wa kulaani mauaji ya watuhumiwa. Desemba 2015, basi liliposhambuliwa huko Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi na akafariki mwezi uliofuata. Viongozi waliomtaja yeye kwa jina, kama walivyowataja waliotoweshwa, ndio wanaosikilizwa pande zote mbili.

Wasichana wetu waliruhusiwa hijabu na Mahakama ya Rufaa 2016, kisha Mahakama ya Juu ikatengua 2019. Tulikosea wapi? — Msomaji, Isiolo

Kosa lilikuwa la mlango. Kanisa la Methodisti, linalodhamini shule ya St. Paul's Kiwanjani, ndilo lililofungua kesi kupinga hijabu. Mzazi Mohamed Fugicha aliingia kama mwenye maslahi tu, halafu akawasilisha ombi lake la kupinga ndani ya kesi ya wengine. Mahakama ya Rufaa ilimkubalia. Tarehe 24 Januari 2019 wengi wa majaji wa Mahakama ya Juu wakasema ombi lake halikuwa mahali pake, kwa kuwa anayeingia kama mwenye maslahi hawezi kuleta madai mapya. Jaji Ojwang alipinga uamuzi huo. Suala lenyewe la hijabu halikupata jibu la mwisho.

Mzazi anayetaka kudai leo afungue ombi lake mwenyewe Mahakama Kuu, kwa Kifungu cha 22, akitaja Kifungu cha 27 kinachokataza ubaguzi wa dini na mavazi, na cha 32 kuhusu uhuru wa dini. Katiba inasema ombi kama hilo halina ada ya kufunguliwa, na kanuni za 2013 zinaruhusu hata barua ya kawaida ikibidi. Ila tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979 mahakama inadai utaje kifungu kilichovunjwa, namna kilivyovunjwa na madhara uliyopata. Kabla ya hapo uwe na barua ya shule inayokataa. Mwalimu mkuu akikataa kwa mdomo, mwandikie wewe: "Leo tarehe fulani ulinieleza kwamba…", na upate muhuri wa kupokewa kwenye nakala yako.

Hatua hizi zatufaa sisi Tanzania? — Msomaji, Tanga

Zile za kuandika na kuhifadhi, ndiyo. Za mahakamani, kwa tahadhari. Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu ilirekebishwa 2020, na sasa anayefungua shauri lazima aape jinsi ukiukaji ulivyomgusa yeye binafsi; shirika haliwezi kudai kwa ajili ya umma kama Kenya. Makosa ya ugaidi hayana dhamana, ndiyo maana masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa rumande zaidi ya miaka 6 mpaka mashtaka yalipofutwa Juni 2021. Na Mahakama ya Afrika ya Arusha haipokei tena kesi mpya za raia moja kwa moja dhidi ya Tanzania, kwa kuwa serikali ilijitoa katika tamko lililoruhusu kesi hizo, na kujitoa kukaanza kazi Novemba 2020. Kwa hiyo kwenu mlalamikaji mwenyewe ndiye nguzo. Mlindeni, na kiapo chake kiandaliwe mapema.

Wajukuu wa Wanubi hapa Kibra bado wanazungushwa vitambulisho. Mtetezi anaweza kufanya nini zaidi ya kulalamika redioni? — Msomaji, Kibra

Mengi, na mifano mizuri iko kwenu. Wanubi walipeleka kesi ya watoto wao mbele ya kamati ya Afrika ya haki za mtoto, wakashinda Machi 2011. Mwaka 2017 walipata hati ya ardhi ya jamii ya ekari 288. Nubian Rights Forum ilikuwa miongoni mwa waliofungua kesi ya Huduma Namba, ule mpango wa serikali wa kuwasajili watu kidijitali, na Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataza kukusanya chembechembe za DNA na mahali mtu anapoishi kwa GPS. Hapo hatujataja wasaidizi wao wa kisheria, ambao kwa miaka wamekuwa wakimsindikiza mwombaji mmoja mmoja.

Kazi ya hao wasaidizi ndiyo ya kuiga. Kila mwombaji hufunguliwa faili: cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, karatasi yoyote ya babu, tarehe aliyokwenda kwa chifu, tarehe ya kupigwa msasa (kuhojiwa kuhusu uraia wake), maswali aliyoulizwa, namba ya kikaratasi cha kusubiria. Ukiwa na faili mia moja, unaacha kusema "tunabaguliwa" na unaonyesha: hawa wamengoja wiki hizi, majirani zao wa dini nyingine kata hiyohiyo wiki zile. Mahakama na waandishi hawana la kubishia hapo.

Mtu akicheleweshwa, mwandikie msajili kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ukiuliza ombi namba fulani limekwama wapi na kwa nini. Ana siku 21 za kujibu. Suala likigusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Asipojibu, peleka Tume ya Haki ya Utawala. Kifungu cha 47 kinakupa pia haki ya kupewa sababu kwa maandishi ukinyimwa. Omba hizo sababu hata ukijua hazitakuja. Ukimya wao ni ushahidi.

Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini tamko la kuondoa msasa wa ziada kwa kaunti za mpakani. Chukueni nakala mwende nayo kwa msajili, lakini msifunge faili. Wapemba wa Kilifi na Kwale walitambuliwa rasmi 2023 baada ya vizazi kadhaa, na bado baada ya kutambuliwa ilibidi kila mtu apangiwe foleni, apigwe picha na achukuliwe alama za vidole.

Mwanamke anaweza kuongoza kazi hii? Wazee wetu wanaguna. — Dada wa Lamu

Anaweza, na tayari anaongoza. Jaji Abida Ali-Aroni aliongoza Tume ya Marekebisho ya Katiba baada ya Yash Pal Ghai. Wazee wakiguna, wakumbushe kwamba mahakamani kwa kadhi wengi wanaofungua kesi Pwani ni wanawake, na kwamba Sheria ya Mahakama za Kadhi inakataza kukataa ushahidi wa mtu kwa ajili ya jinsia yake. Mjane anayedai mirathi hatamweleza mwanamume wa ofisini yote yaliyotokea. Asipopata mwanamke wa kumsikiliza, faili hubaki nusu.

Kamati yetu ya msikiti inataka kuhoji darasa lililojengwa kwa pesa za Hazina ya Maeneo Bunge na sasa lina nyufa. Tuanzeje bila kuonekana wanasiasa? — Mjumbe, Likoni

Fanyeni ukaguzi wa kijamii. MUHURI waliufanya Pwani miaka mingi: kukusanya nyaraka, kufundisha wakazi kuzisoma, kuwaeleza wengine, kukagua jengo, kufanya baraza la wazi, na kufuatilia.

Nyaraka za kuomba ni orodha ya vifaa na gharama, mkataba, vocha za malipo na cheti cha kukamilika. Orodha ya vifaa ndiyo yenye utamu. Chukueni fundi mmoja wa mawe, mmoja wa mabati na tepu ya kupimia. Orodha ikisema mabati ya geji 28 na paa ni geji 30, mmeuziwa bati jembamba zaidi. Ikisema msingi wa kina fulani, chimbeni kidogo pembeni mpime, mbele ya mwalimu mkuu na kwa ruhusa yake iliyoandikwa. Kila kipimo kiandikwe na watu wawili na kupigwa picha tepu ikionekana.

Kosa la kawaida ni kuruka kwenda kwenye baraza kabla ya kumpa mkandarasi na kamati ya hazina nafasi ya kujibu. Wapelekeeni matokeo wiki mbili kabla. Wakati mwingine wana jibu: mradi ulipunguzwa kwa barua ambayo hamkuiona. Siku yenyewe, baraza lifanyike shuleni badala ya msikitini, na mchungaji wa kanisa jirani awe mezani, kwa kuwa darasa ni la watoto wote; hilo pia litawanyamazisha wanaosubiri kusema ni njama ya Waislamu. Mbunge akaribishwe, asipewe nafasi ya kufungua wala ya kufunga. Someni tarakimu kwa Kiswahili: iliyolipwa, iliyopimwa, tofauti. Msitaje mwizi.

Kabla watu hawajatawanyika, andikeni nani ameahidi nini na kwa tarehe ipi, wahusika watie saini. Siku ya tarehe hiyo, wajumbe wawili wawe shuleni asubuhi na tepu yao.